Tangi Lina Kufuli, Kisima Kina Bati

Nyumbani kwetu Temeke maji yanalindwa kuliko fedha. Tangi limekaa juu ya mnara wa matofali, na mfuniko wake una kufuli la shaba ambalo fundi alilazimika kutoboa plastiki ili kulipitisha. Ufunguo hauwekwi kabatini. Unalala kwenye pindo la kanga ya mama watoto, umefungwa fundo, na mimi mwenye nyumba nikitaka maji ya kunawa uso alfajiri inabidi nitoe maelezo. Koki ya chini nayo imejengewa kakibanda ka nondo. Kisa chenyewe ni kwamba bomba likikata, kuna majirani wanakuja na madumu usiku wa manane, wanakinga kimyakimya, na asubuhi wanatusalimia kwa heshima zote.

Sasa zunguka nami nyuma ya nyumba, inama upite chini ya kamba ya nguo. Hapo mpakani kwetu na kwa jirani kuna kisima. Kimechimbwa kwa mkono, kimejengewa pete za zege, na maji yake yana chumvichumvi, ya kufulia na kuoshea vyombo. Unajua kimefunikwa na nini? Kipande cha bati. Bati lenyewe limeliwa na kutu, na juu yake kuna tofali moja pamoja na kiti cha plastiki kilichovunjika mguu, ili upepo usilibebe. Yaani ulinzi wote wa kisima kile ni wa kuzuia bati lisipeperuke. Mtoto kutumbukia haikuwamo kwenye mpango.

Nilimfuata mzee mwenye kisima, nikamwamkia vizuri, nikamweleza wasiwasi wangu. Akanitazama kwa huruma. "Bwana mdogo," akasema, na mimi nina mvi, "kisima hiki kipo tangu enzi za Mwalimu. Hajafa mtu."

Hajafa mtu! Hicho ndicho kipimo chetu cha usalama, na hakina mpinzani. Waya wa umeme umepita juu ya kamba ya nguo: hajafa mtu. Ngazi ya ghorofa haina reli: hajafa mtu. Tunangoja afe mmoja ndipo tuitishe kikao, na hata hicho kikao, ajenda ya kwanza ni kumchagua mweka hazina.

Mambo haya yasingenikosesha usingizi kama nisingeletewa mjukuu. Binti yangu amepata kazi mjini, anamwacha kwetu asubuhi na kumchukua jioni, na jioni nyingine hamchukui. Mtoto wa kiume, katimiza mwaka juzijuzi, na kwa mila zetu ndiye mume wa mke wangu. Bibi yake akimwona tu anamwita "mume wangu", kisha anampa kipande cha samaki kilichokuwa kimetengwa kwa ajili yangu. Mimi nimebaki mume mkubwa asiye na sauti. Sina kinyongo. Ila huyu mume mwenzangu ana tatizo moja, anapenda maji kupita kiasi. Si ya kunywa, ya kunywa anayatema. Anapenda maji yaliyotulia. Ana mzunguko wake wa ukaguzi: beseni la nguo zilizorowekwa, ndoo ya deki, ndoo ya chooni, sufuria la maharage yanayolowekwa, karai la bata. Mpe midoli yote iliyoko Kariakoo, ukigeuka yuko chooni anapiga maji makofi.

Siku moja nilikaa kwenye kigoda hatua mbili kutoka kwake, kwa makusudi, nione anafanyaje hasa. Ndoo ya lita 20 ilikuwa imejaa mpaka shingoni. Akaja, akashika ukingo kwa mikono miwili, akachungulia. Akamwona mtoto mwingine mle ndani, akamcheka. Akamtupia kijiko. Kijiko kikazama. Sasa akataka kijiko chake. Akanyanyua visigino, akalaza tumbo kwenye ukingo, mkono ukaingia mpaka begani, kichwa kikaufuata mkono, na miguu yote miwili ikaachana na sakafu. Hakulia. Hakuguna. Nilimdaka kwa kiuno cha bukta kabla pua haijagusa maji, na ndoo haikutikisika hata kidogo.

Hiyo ya ndoo kutotikisika ndiyo iliyonishtua. Ndoo ya lita 20 ikijaa ina kilo 20 za maji. Kadi ya kliniki ya mjukuu wangu inasema kilo 10. Ndoo, kwa hiyo, ni nzito mara mbili kuliko yeye. Angeegemea ndoo tupu, ingeanguka naye, angelia, bibi yake angekuja mbio, mimi ningelaumiwa, na maisha yangeendelea. Ndoo iliyojaa haiendi popote. Na mtoto wa umri ule kichwa chake ni kikubwa na kizito kwa mwili alionao, mikono bado haina nguvu za kujisukuma arudi nyuma. Kichwa kikishatangulia, hajinasui. Wala si lazima ndoo ijae. Sentimita chache tu za maji, yanayoweza kufunika pua na mdomo, zinatosha, na dakika unazotumia kutafuta chenji ya muuza mboga mlangoni ni nyingi mno.

Halafu kuna wale wanaosema, "Si tutamsikia?" Mtamsikia nini? Mdomo ulio ndani ya maji haupigi yowe. Hata mtoto mkubwa anayezama baharini, mara nyingi hapungi mkono wala haiti mtu; nguvu zote zinaishia kutafuta pumzi. Yale mayowe ni ya kwenye filamu za Kihindi, na huko mwokoaji anakuja akiimba.

Nikaipeleka hoja kwenye kikao cha familia. Wajumbe walikuwa mama watoto, shemeji yangu, dada wa kazi, na mama mkwe ambaye alikuja kututembelea kwa wiki moja na sasa anapiga kura. Kila mmoja akaapa kwamba mtoto anaangaliwa. Na kweli anaangaliwa! Mama watoto anajua yuko na bibi mkubwa. Bibi mkubwa anajua yuko na dada. Dada anajua yuko na babu, kwa kuwa babu kastaafu, ana kazi gani nyingine. Babu anajua mtoto yuko ndani, na ndani kuna watu. Ukihesabu, kijana ana waangalizi nyumba nzima. Ukimtafuta mmoja wa kumwuliza yuko wapi sasa hivi, kila mmoja anamnyooshea mwenzake kidole.

Nikapendekeza zamu. Mtu mmoja kwa jina, na akitaka kuinuka hata kwenda kuzima jiko, amkabidhi mwenzake kwa mdomo, "Mshike, mimi natoka," na mwenzake aitikie kwa mdomo. Kutikisa kichwa hakuhesabiki. Shemeji akauliza kama kutakuwa na daftari la mahudhurio. Nikamjibu ndiyo, na litagongwa muhuri. Wakacheka mpaka chai ikapoa.

Mama mkwe hakucheka. Yeye alisema zamu ni mambo ya askari, na kwamba wao huko kwao Rufiji walilelewa bila zamu, walilelewa na chunusi. Nyote mnamjua chunusi, yule wa kisimani na mtoni na baharini, anayewavuta watu miguu. Sitabishana na mama mkwe, na ukweli ni kwamba chunusi alifanya kazi kubwa bila mshahara. Mtoto wa enzi zile hakusogelea kisima adhuhuri hata umpe sukari guru. Hakuna uzio wa matofali uliowahi kufikia ule. Tatizo ni kwamba watoto wa leo wameonyeshwa kwenye simu nguva mrembo, nywele mpaka kiunoni, anaimba na samaki wanaitikia. Ukiwaambia kisimani kuna kiumbe, wanakimbia kwenda kumwamkia. Chunusi wa watu amekosa ajira. Na hata alipokuwa kazini, eneo lake lilikuwa kisima, mto na bahari. Sijasikia bibi yeyote akisema kuna chunusi kwenye ndoo ya deki. Isitoshe, mtoto wa mwaka mmoja humtishi kwa chunusi; huyo hata mimi haniogopi.

Kwenye wanyama ndiyo usiseme. Tuna paka anaitwa Mheshimiwa, kwa sababu anakula kwetu na kazi anayoifanya hatujaiona. Mheshimiwa ana bakuli lake safi la maji, analiruka. Anataka maji ya kwenye pipa la kukingia mvua. Anasimama ukingoni, miguu minne kwenye nafasi ya upana wa kidole, anainama, analamba. Pipa likijaa hana shida. Maji yakishuka anainama zaidi, na yakizidi kushuka, yeye naye anashuka. Usiku mmoja tukasikia kishindo, halafu mkwaruzo usiokwisha. Paka anajua kuogelea vizuri tu. Asichoweza ni kupanda ukuta wa plastiki wenye ute wa kijani, kwa hiyo huzunguka mle ndani mpaka nguvu zimwishie. Nikatoka na bukta na tochi ya simu, nikazamisha mkono. Mheshimiwa akaupanda mkono huo kwa kucha zote mpaka begani, akarukia ukutani, akaenda zake bila kuaga. Mama watoto alisimama mlangoni na swali moja: "Na hayo maji sasa tunayafanyia nini?" Kuhusu mkono wangu hakuna aliyeuliza.

Tangu hapo pipa lina mfuniko na jiwe juu yake. Kwenye birika la bata tumeegemeza ubao uliopigiliwa vijiti, ili kiumbe chochote kitakachotumbukia kipate pa kupandia. Bakuli la vifaranga lina changarawe. Kifaranga anadonoa maji katikati ya mawe na hawezi kuzama. Hii ya changarawe sikuitunga, kila mfuga kuku anaijua, na yule kijana wa vifaranga anakwambia kabla hata hujamlipa. Ndipo nikakaa nikajiuliza. Kifaranga wa shilingi elfu mbili anakuja nyumbani na maelekezo kuhusu maji. Mjukuu wangu katoka hospitali na kadi nzuri, tukaelezwa chanjo, tukaelezwa chandarua, tukaelezwa maziwa ya mama. Ndoo hakuitaja mtu.

Kuna jambo moja hapa silifanyii mzaha. Mbuzi au paka akitumbukia kisimani au kwenye shimo la choo, asishuke mtu kumfuata. Chini kule hewa inaweza kuwa mbaya. Anayeshuka analegea kabla hajafika, anashuka wa pili kumwokoa wa kwanza, na wa tatu kuwaokoa wote wawili. Misiba ya namna hiyo mmeisikia, na mingine ilianzia kwenye simu iliyodondoka chooni. Shusha kapu kwa kamba. Likishindikana, waite wenye vifaa.

Masika nayapitia haraka kwa sababu yananipandisha presha. Mtaro ambao kiangazi kizima ulikuwa jalala unageuka mto. Mashimo yaliyoachwa na wachimba mchanga na wafyatua matofali yanajaa maji ya rangi ya chai ya maziwa, chini huoni, na watoto wanaotoka shule wanarundika madaftari juu ya jiwe wanajirusha. Mwenye shimo alishauza mchanga wake, habari za shimo si zake tena. Pale Jangwani, Mto Msimbazi unapofurika, Dar es Salaam nzima inajua barabara haipitiki, na bado utamwona mtu mzima kamshika mtoto mkono anavuka maji yanayokimbia, eti yanafika magotini tu. Magotini pa nani? Pa kwako ni kifuani pa mwenzako, na huyo mwenzako hukumwuliza.

Nije kwenye sikukuu. Idi ya Fitri, baada ya pilau, ukoo wetu unapakiwa kwenye gari moja, watu wa magari mawili, tunaelekea Coco Beach. Watoto wamevaa nguo mpya ambazo baada ya nusu saa zitakuwa mchanga mtupu. Mikeka inatandikwa, mihogo inaagizwa, pilipili inabishaniwa. Shemeji anavua shati na kutoa ile hotuba yake kwamba yeye ni mtu wa Mafia, bahari kazaliwa nayo. Mtu wa Mafia huyo aliondoka Mafia akiwa amebebwa mgongoni, na leo hii akioga anafumba macho maji yasimwingie. Kuzaliwa pwani siyo kujua kuogelea. Ingekuwa hivyo, waliozaliwa karibu na benki tungekuwa na akiba.

Sasa nisikilize vizuri, maana jambo hili watu wa pwani tunalijua na siku ya Idi tunalisahau. Bamvua huja mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu. Idi ya Fitri nayo ni mwezi kuandama. Kwa maneno mengine, sikukuu ambayo mji mzima unapeleka watoto baharini ndiyo siku za bamvua, kila mwaka, bila kukosa. Bahari yetu siku hizo hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Na bamvua za huku zina saa zake: asubuhi kuanzia kama saa nne hivi maji yamekupwa, yako mbali huko, na jioni kwenye saa kumi na kuendelea yamejaa. Sisi tunafika saa nane. Tunakuta ufuo mpana, vijidimbwi vya kuchezea, fungu la mchanga linaloonekana mbele. Mama mmoja anasema, "Wacheni wacheze, maji hayafiki hata kifundoni." Kweli hayafiki. Halafu yanaanza kuja taratibu. Watu wazima tunacheka, tunavuta mikeka nyuma. Yanakuja tena, tunavuta tena, mtu anaokoa sufuria. Tumehamisha mikeka, vyungu, viatu na mfuko wa soda. Watoto tumewaacha palepale walipokuwa, ila pale walipokuwa pamekuwa kifuani, na kati yao na sisi pana mkondo.

Juu ya hayo kuna tyubu za kukodi, za matairi ya lori. Mama anamweka mtoto mle, anaona kamaliza kazi, anageukia kupiga picha. Tyubu haimshiki mtoto. Mtoto ndiye anayeishika, na akichoka au akipigwa na wimbi dogo anapita katikati kwenye tundu. Boya la kuvaa linalofungwa kifuani na kupita katikati ya miguu ni kitu kingine, na hata hilo halimpi mtu ruhusa ya kugeukia kamera. Na wakati haya yote yanatokea, watu wazima wote wa ukoo wanaangalia bahari, kwa maana ya kwamba nyuso zimeelekea huko. Mara nyingi wa kwanza kugundua mtoto haonekani ni muuza mihogo.

Akionekana anapapatika, usijitose kama huogelei vizuri, hata kama ni wako. Anayezama humkumbatia na kumkandamiza anayemjia, mnaondoka wawili. Rusha kitu. Lile dumu la lita 20 tulilojia na maji ya kunywa, likiwa tupu na kizibo kimebana, linamweka mtu mzima juu ya maji. Lifunge kamba, au rusha kanga ndefu, au nyoosha fimbo ukiwa umelala kifudifudi. Kwa mara ya kwanza katika historia ya ukoo, dumu lingefanya kazi tofauti na kugombaniwa.

Na akishatolewa, jamani, msimning'inize kichwa chini! Nimeona hayo kwa macho yangu, wanaume wanne wamemshika kijana miguu, wanamtikisa, mmoja anamkanyaga tumbo, mwingine anauliza nani ana chumvi. Bahati yake alikuwa anapumua mwenyewe, akaponea kwenye mikono yao. Nesi mstaafu wa mtaani kwetu alitukalisha barazani akatueleza: asiyepumua anahitaji hewa, na kumminya tumbo ni kupoteza muda na kumpandishia matapishi. Mlaze chali mahali pagumu, inua kidevu, mpulizie pumzi, kisha bonyeza kifua katikati, endelea kupokezana mpaka aamke au wafike wanaojua zaidi. Akizinduka, apelekwe hospitali hata kama anaomba soda. Shemeji akauliza kama ni lazima mdomo kwa mdomo. Nesi akamwambia, kwa wewe tutatafuta mtu wa kujitolea.

Misiba mikubwa ya maji tunaijua kwa tarehe. MV Bukoba, 21 Mei 1996. MV Spice Islander, 10 Septemba 2011. MV Nyerere, 20 Septemba 2018. Bendera zilishushwa, taifa likalia, na ilistahili. Beseni halina tarehe. Mtoto wa beseni anazikwa jioni ileile, watu wanasema kazi ya Mungu, na mama yake ananong'onwa mpaka arobaini. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu 300,000 walikufa maji duniani, karibu robo yao wakiwa watoto wa chini ya miaka mitano, na zaidi ya tisa katika kila kumi walikuwa wa nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani sisi tunaosema hajafa mtu. Umoja wa Mataifa umetenga hata siku, 25 Julai. Mtaani kwetu siku hiyo hupita hivihivi, labda kwa kuwa haina kanga wala fulana.

Kuna wanaofanya kitu. Kaskazini mwa Unguja, Panje Project imekuwa ikiwafundisha wasichana kuogelea wakiwa wamevaa mavazi yanayositiri mwili mzima, ili mzazi asipate kisingizio. Nilimsomea mama mkwe habari hiyo nikitegemea upinzani. Akauliza kama wanapokea bibi.

Huku kwetu tumekwama kwenye mfuniko. Fundi alikuja, akapima mdomo wa kisima, akasema mfuniko wa zege wenye kidirisha cha kupitishia ndoo ni mifuko miwili ya saruji, nondo kidogo na hela ya mkono wake. Nimepita nyumba kwa nyumba na karatasi ya mchango. Huyu anasema kisima si chake. Yule anasema yeye hana mtoto mdogo, ingawa ana mbuzi. Mpangaji wa chumba cha mbele ameandika jina lake kwa kalamu nzuri, na kwenye kiasi ameweka mstari. Mzee mwenyewe ameahidi kulifikiria baada ya kuvuna korosho, na shamba la korosho aliliuza. Watu haohao, akifa mtu leo, kabla ya magharibi watakuwa wamechanga turubai, viti, mchele, mafuta, na basi la kwenda makaburini. Hatuna uchoyo hata kidogo. Tunachojua kugharimia ni mazishi.

Kwa hiyo msomaji wangu, mimi naendelea na karatasi yangu, wewe nakupa ya nyumbani kwako. Najua maji ni ghali na hutayamwaga, sitakudanganya. Basi ndoo iwe na mfuniko unaobana, beseni la kufulia likimaliza kazi ligeuzwe chini juu, na mlango wa choo uwekwe komeo la juu ambalo mtoto halifikii. Namba ya Zimamoto na Uokoaji ni 114, iandike ukutani kwa mkaa kama kalamu hakuna. Komeo linauzwa duka lolote la vifaa vya ujenzi, na duka la mtaani kwenu halijafungwa bado. Nenda.